Maegesho ya pamoja mjini Zanzibar: na aliyeshuka garini apite wapi?

Ijumaa ikifika saa sita na nusu mchana, Darajani hubadilika sura. Wenye maduka wanateremsha milango, wanaume wa kanzu na kofia wanashuka kutoka Mlandege na Vikokotoni kuwahi sala, daladala zinashusha abiria, na kila palipo na upana wa gari pana gari. Pasipo na upana pia pana gari: maringi mawili yamepanda njia ya miguu, mawili yamebaki barabarani. Anayetoka sokoni na kikapu cha samaki hana pa kupita ila juu ya lami, akizipa gari mgongo.

Mama yangu ni mtu mzima sasa. Tukifika hapo hunishika mkono kwa nguvu, yeye aliyenivusha mimi barabara hiyo hiyo nilipokuwa mdogo, na huniuliza: "Mwanangu, sisi tupite wapi?" Swali lake ndilo lililonifanya nianze kufuatilia jinsi maamuzi ya maegesho yanavyofanywa katika mji wetu.

Jawabu linalosikika kila baraza ni kwamba maegesho yaongezwe. Nalielewa, kwani nami huzunguka mara tatu kabla ya kupata pa kuweka gari. Lakini tazama hesabu yake. Gari moja ndogo inataka nafasi ya mita 2.5 kwa mita 5, yaani mita za mraba 12.5. Ongeza njia ya kuingilia, ya kugeuzia na ya kutokea, utakuta gari hiyo moja imeshachukua mita za mraba 25 hivi, na eneo kama hilo linatosha familia kukaa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, na ya 2022 ikahesabu 893,169. Karibu watu laki tatu wameongezeka kwa miaka kumi, na ardhi haikuongezeka hata pima moja. Kumtaka kila mwenye jengo awe na kiwanja chake cha gari hakuwezekani, na hata kungewezekana, tungepoteza nyumba na maduka ambayo watu wanayafuata huko mjini.

Hapo ndipo linapoingia wazo la maegesho ya pamoja: majengo kadhaa ya jirani yatumie kiwanja kimoja, kwa sababu hayajai kwa wakati mmoja.

Tuchukue mfano. Namba zake nimezitunga mwenyewe ili hesabu ionekane. Mtaa una ofisi inayohitaji nafasi 40, maduka yanayohitaji 30, mkahawa unaohitaji 40 na msikiti unaohitaji 60. Kila mmoja akijitegemea, mtaa huo utatakiwa kuwa na nafasi 170. Sasa tazama saa. Jumatatu saa nne asubuhi ofisi ina gari 40, maduka 30, mkahawa una wateja wachache, tuseme 10, na msikitini hakuna gari. Jumla ni 80. Ijumaa saa saba mchana msikiti umejaa, 60, lakini ofisini zimebaki 15, maduka mengi yamefunga na yana 10, mkahawa 10. Jumla ni 95. Jumamosi saa tatu usiku ofisi haina mtu, maduka yana 15, mkahawa umejaa kwa 40, msikitini wamebaki na 10. Jumla ni 65. Saa nzito kuliko zote ni ile ya Ijumaa, nayo inataka nafasi 95. Nafasi 75 zimeokolewa, na kwa mita 25 za mraba kila moja, hizo ni mita za mraba 1,875, zaidi kidogo ya robo ya uwanja wa mpira. Katikati ya mji, eneo la namna hiyo ni soko dogo au kiwanja cha watoto kuchezea.

Ndiyo maana naliunga mkono wazo hili. Ila hesabu hii inategemea saa, na saa za Zanzibar hazifanani na za mahali pengine. Mwezi wa Ramadhani mchana mikahawa inafungwa na mji unapoa. Baada ya futari kila kitu kinafunguka pamoja: tarawehe, mikahawa, na likiingia kumi la mwisho, maduka ya nguo na viatu vya Sikukuu. Katika mfano wetu, msikiti 60, mkahawa 40 na maduka tuseme 45, jumla 145. Kiwanja cha nafasi 95 kilichotosha mwaka mzima sasa kinapungukiwa na nafasi 50 kila usiku, na hizo 50 zitapanda juu ya njia za miguu usiku ule ule ambao akina mama na watoto wamejaa barabarani kuliko usiku wowote wa mwaka.

Tena mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko wa jua, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma katika kalenda. Mwaka 2025 iliingia mwanzoni mwa Machi. Mwaka 2030 inatarajiwa kuingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba, wakati hoteli zetu zimejaa wageni. Mpangaji anayehesabu gari za Jumatatu na Jumamosi tu, kwa jedwali lililotoka mji wa mbali, atapata jibu zuri la mji usiokuwa huu. Uamuzi unaofaa kwetu ungetaja mapema, katika kibali chenyewe, uwanja wa skuli gani au wa ofisi gani ya Serikali utafunguliwa usiku wa Ramadhani. Viwanja hivyo viko vitupu usiku, na vinahitaji mlinzi, taa na ruhusa.

Nani anaamua?

Hapa mambo yanaanza kuchanganya, na nadhani wengi wetu tunakata tamaa kwa sababu hatujui mlango wa kugonga.

Kupanga kanda ni kuamua ardhi ya mahali fulani itumike kwa nini: makaazi, biashara, skuli, au mchanganyiko. Msingi wa kisheria wa kazi hiyo hapa kwetu ni wa zamani, tangu sheria ya mipango ya miji na vijiji ya 1955. Ardhi yenyewe, kwa sheria ya 1992, ni ya umma, na mtu hupewa haki ya kuitumia kwa masharti. Mipango na hati za ardhi ziko chini ya Kamisheni ya Ardhi, iliyoundwa mwaka 2015. Ndani ya Mji Mkongwe kuna Mamlaka yake ya hifadhi na uendelezaji, iliyoanzishwa 1985. Halafu kuna mabaraza ya manispaa, la Mjini na ya Magharibi A na B, yanayohusika na usafi, masoko na ada. Barabara kubwa zina wakala wake. Kusimamisha gari iliyovunja sheria ni kazi ya polisi wa usalama barabarani. Na chini kabisa, karibu na mwananchi, yuko sheha, kiongozi wa Serikali katika shehia.

Kila mmoja hapo ana kazi yake na ana haki ya kuwepo. Tatizo liko katika mafaili. Sharti la nafasi za gari huandikwa kwenye faili la jengo. Kivuko cha waenda kwa miguu, tuta na taa huandikwa kwenye faili la barabara. Jengo linaweza kupata kibali kwa kuonesha kwamba wateja wake wataegesha kwenye kiwanja cha ng'ambo ya pili ya barabara, na hesabu ikakamilika kwa uzuri kabisa, bila mtu yeyote katika mlolongo huo kuulizwa wateja hao watavukaje.

Na lazima wavuke. Maegesho ya pamoja, kwa maumbile yake, humgeuza dereva kuwa mwenda kwa miguu. Zamani alishukia mlangoni pa duka. Sasa anashuka mita 150 kutoka hapo, akiwa na mtoto mkononi, mzigo kichwani au goti linalouma. Kibali kilichompa nafasi ya kuweka gari kimemuwekea pia safari, na safari hiyo haimo kwenye ramani. Hili ndilo jambo ninalotaka lieleweke kuliko yote katika makala hii: njia ya kutoka kiwanjani hadi mlangoni ni sehemu ya maegesho, kama zilivyo nafasi zenyewe. Kiwanja kisicho na njia hiyo hakijakamilika, na kibali chake kisitolewe.

Mita 28 na mita 13

Michenzani ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Majumba marefu ambayo watu huyaita treni yalijengwa baada ya Mapinduzi, kufuatana na mpango uliotengenezwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki mwaka 1968, na barabara pana zilizonyooka zikapasua Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, iliyokuwa ya vichochoro. Kwa wakati wake ilikuwa ndoto kubwa: maji ya bomba, umeme, ghorofa kwa watu waliokaa nyumba za udongo. Lakini barabara pana iliyonyooka humwambia dereva aende kasi, hata pasipo kibao. Na chini ya treni zile kuna maduka, na mbele ya maduka kuna gari zilizoegeshwa, na baina ya gari na gari hutokeza watoto.

Gari inayokwenda kilomita 50 kwa saa hukimbia karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akimuona mtoto, sekunde moja inapotea kabla mguu wake haujakanyaga breki: mita 14 zimeshakwenda. Breki nazo, kwenye lami kavu, zinataka mita nyingine 14 hivi. Jumla mita 28. Kwa kilomita 30 kwa saa, hesabu hiyo hiyo inatoa mita 13 tu. Mtoto aliye umbali wa mita 15 katika hali ya kwanza anagongwa, kwa kasi kubwa bado. Katika hali ya pili gari imesimama, naye amevuka. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linapendekeza kilomita 30 kwa saa pale watu na gari wanapochanganyika. Shirika hilo lilikadiria watu milioni 1.19 waliofariki barabarani duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao ni wenda kwa miguu, wapanda baskeli na wapanda pikipiki.

Hesabu hii inadhani kwamba dereva amemuona mtoto. Gari iliyoegeshwa kandokando ya kivuko humficha. Mtoto wa darasa la kwanza ana urefu wa mita moja na kidogo, hafikii paa la gari ya kawaida. Yeye haioni gari inayokuja, na anayekuja hamuoni yeye, hadi mguu wake uwe tayari barabarani. Kivuko kilichopakwa rangi nyeupe vizuri, kisha kikazungukwa na gari zilizoegeshwa pande zote mbili, kinampa mtoto imani isiyokuwa na ulinzi. Nchi nyingi hukataza kuegesha ndani ya mita 5 kabla ya kivuko kwa sababu hii.

Nyumba inapokuwa fremu

Kuna mabadiliko yanayotokea kimya kimya mitaani ambayo, kwa maoni yangu, yanamuumiza mwenda kwa miguu kuliko jengo lolote kubwa. Nyumba ya kukaa huko Miembeni au Kikwajuni inavunjwa ukuta wa mbele, inatokea fremu tatu au nne za biashara. Jirani naye akaona, akafanya. Kila fremu peke yake ni ndogo, na riziki ni riziki, simlaumu mtu. Lakini mtaa mzima umeshabadilika kutoka makaazi kwenda biashara bila ya kikao chochote. Ile nafasi ya mbele iliyokuwa na baraza, ambapo wazee walikaa jioni na watu wakapita mbele yao, sasa ni pa gari ya mteja. Gari hiyo imeingia kwa mbele na itatoka kwa kurudi nyuma, ikikata njia ya miguu, dereva akitazama kwenye kioo kilichojaa vumbi.

Mtaa wenye fremu kumi namna hiyo una sehemu kumi ambapo gari hukata njia ya watu kinyumenyume. Hapa maegesho ya pamoja yana faida isiyotajwa sana, nami naiona kubwa kuliko ya kuokoa ardhi: sehemu kumi zinakuwa mlango mmoja. Mlango huo ukiwekwa upande wa barabara ndogo, gari zikaingia na kutoka kwa mbele, na njia ya miguu ikaendelea kupita juu yake kwa usawa ule ule, gari ndiyo ipande kidogo na ipunguze mwendo, basi mtu anaweza kutembea mtaa mzima akiwa na wasiwasi mahali pamoja badala ya kumi.

Na njia ya miguu yenyewe, kwa sehemu kubwa ya Ng'ambo, ni mfuniko wa mtaro. Tunatembea juu ya mabamba ya zege, moja limevunjika, jingine halipo. Ikija masika na maji yakajaa, shimo halionekani. Kiwanja cha maegesho kilichosakafiwa chote huongeza maji hayo, maana mvua haina pa kuzama. Kwa hiyo sharti la mtaro na sharti la maegesho yangeandikwa katika ukurasa mmoja.

Mji Mkongwe ni kisa tofauti. Ulijengwa kwa wenda kwa miguu, na vichochoro vyake vingi havipitishi gari hata dereva akitaka. UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mpango wake wa hifadhi ni wa 1994. Kwa hakika mji huo wote tayari unaishi kwa maegesho ya pamoja yaliyoko pembezoni, upande wa Malindi, Forodhani, Vuga na Barabara ya Mkapa, iliyopita pale palipokuwa na hori ya bahari kabla ya kufukiwa. Mtu anaacha gari kando, anaingia kwa miguu. Watu wamezoea na hawalalamiki, kwa sababu ndani njia ni yao, ukiacha vespa na bodaboda zinazopiga honi kwenye kona zisizoonekana. Kumbe mwenda kwa miguu hutembea mita mia mbili au tatu kwa radhi akiwa na kivuli na usalama. Kinachomchosha ni kutembea juu ya lami akigeuka nyuma kila hatua. Wanaosema watu wa hapa hawatokubali kuegesha mbali wangekwenda kutazama Forodhani usiku.

Chake Chake, kisiwani Pemba, haina bahati hiyo. Barabara kuu inapita katikati ya maduka, mji uko juu ya mwinuko, na gari, mikokoteni na wanafunzi wote wanagombea upana ule ule. Mji mdogo kama huo ungefaidika haraka na kiwanja kimoja cha pamoja nyuma ya maduka, kwa sharti lile lile la njia salama ya kutokea.

Limebaki suala la makubaliano, maana hapo ndipo mipango mizuri hufia. Mwenye ofisi akimruhusu jirani yake mwenye mkahawa kutumia uwanja wake usiku kwa mdomo tu, ruhusa hiyo inaishi kadiri wanavyopendana. Ofisi ikihama, mpangaji mpya anafunga geti, na gari 40 za mkahawa zinarudi barabarani. Makubaliano yanapaswa kushikamana na ardhi, yaandikwe katika masharti ya hati na ya kibali cha majengo yote mawili, na yaseme saa, mlinzi, taa, na nani atafagia. Kwa kuwa ardhi yetu hutolewa na Serikali kwa masharti, hili kwetu lingekuwa jepesi kuliko kwa wenzetu ambao kila kipande kina mwenyewe wa daima. Uwanja wa wakfu unahitaji uangalifu zaidi. Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana inaweza kukodisha mali ya wakfu, lakini masharti ya aliyeweka wakfu hutangulia, na uwanja wa msikiti haufanywi wa mkahawa kwa sababu tu ni mtupu usiku.

Siku mpango wa jengo jipya utakapoletwa katika shehia yako, usitosheke kuuliza nafasi za gari ni ngapi. Omba ramani, weka kidole kwenye kiwanja cha maegesho, kisha kisogeze hadi mlango wa jengo. Kidole kikikata barabara, uliza kivuko kiko wapi, nani atakijenga, kabla ya jengo kufunguliwa au baada. Kikipita juu ya mtaro, uliza mfuniko. Kikipita gizani, uliza taa. Na palipo na kivuko, uliza zile mita 5 zisizoegeshwa gari zimechorwa au hazikuchorwa. Mwenye jengo atasema anapoteza nafasi, na ni kweli: mita 5 ni urefu wa gari moja. Kwa kivuko kimoja, upande huu na upande ule wa barabara, ni gari mbili. Katika kiwanja chetu cha mfano, kilichopunguza nafasi kutoka 170 hadi 95, hizo mbili zinaweza kurudishwa ndani ya uzio, na barabarani pakabaki peupe kiasi cha dereva kumuona mtoto anayetoka chuo cha Kurani na juzuu yake kifuani.